Kishika sarafu pembeni mwa simu ya kulipia: mbao, mirija, akriliki au vigingi?

Kabla hujatoa pesa kununua kishika sarafu, mjue mshindani wake asiye na bei: kichwa cha simu yenyewe. Enzi za vibanda vya Posta na Simu, wapigaji walizipanga shilingi zao pale juu, wakatia ya kwanza, wakaanza kuzungumza. Mlio wa onyo ulipolia zilibaki sekunde chache za kudumbukiza nyingine, na mkono mmoja tayari una kazi ya kushika mkono wa simu. Kiwiko kikigusa tu, sarafu zinaporomoka, na moja haikosi kuviringika hadi miguuni mwa waliopanga foleni. Kazi ya kishika sarafu ni hiyo basi: sarafu ikae pale inapofikiwa kwa mkono mmoja, bila kutazamwa, na isianguke. Kisichoweza hayo ni pambo, hata kiwe cha shaba iliyonakshiwa.

Simu ya sarafu haipo tena kila kona ya Mombasa. Simu za mkononi za Safaricom na KenCell zilipoanza kuenea mwaka 2000, kisha M-Pesa ikaja 2007, shilingi za kupigia simu zikakosa kazi. Anayetafuta kishika sarafu leo ni mwenye nyumba ya wageni ambaye angali na simu ya kulipia ukumbini, au msimamizi wa bweni mwenye simu ya wanafunzi. Mwingine, na nadhani hawa ndio wengi, ni yule aliyepata simu ya zamani kwa wauza vitu vya kale akataka kuitundika mkahawani au sebuleni na mazagazaga yake yote. Mahitaji ya watu hawa hayafanani hata kidogo, na ndiyo maana ushauri wa "nunua kile kizuri" hauwasaidii.

Swali la kwanza la kujiuliza ni sarafu zenyewe ni za nani. Zikiwa za mpigaji, anazitoa mfukoni na kuondoka na zilizobaki, kinachotakiwa ni kitu wazi, kifupi, kisicho na mlango wala kufuli. Zikiwa zako wewe mwenye simu, unamuuzia mgeni au unamgawia tokeni (vipande vya madini vinavyotiwa simuni badala ya sarafu), unataka kitu kinachofungwa na kinachokuonyesha kwa jicho zimebaki ngapi. Na zikiwa za maonyesho, sarafu za kale ambazo hazitapiga simu tena, unataka zionekane na zisiguswe. Dukani watu huanza na rangi na bei, wakarudi nyumbani na kitu cha kazi ya pili kukifanyisha kazi ya kwanza.

Kibao cha mbao chenye mifuo

Kwa sarafu za mpigaji, mimi nachagua hiki na sioni haja ya kutafuta kingine. Ni kibao chembamba cha kutokeza ukutani, upana wa kiganja, kilichochongwa mifuo miwili au mitatu ya kulalia sarafu, na mbele yake ukingo wa nusu sentimita wa kuzizuia. Mfuo uwe mpana kidogo kuliko sarafu na uwe na mteremko mdogo upande mmoja, ili ukiibonyeza sarafu ukingoni mwake upande wa pili uinuke wenyewe uushike. Mteremko huo ndio unaotenganisha kibao cha fundi na kibao cha bora kibao. Bila huo, sarafu iliyolala bapa kwenye mbao laini inakung'ang'ania kama chaza kwenye mwamba, na mlio wa onyo unaendelea kulia.

Mbao gani? Mombasa swali hili lina uzito kuliko bara, kwa sababu ya hewa ya chumvi na unyevu unaopanda na kushuka kati ya kaskazi na masika. Msaji ndio bora: una mafuta yake mwenyewe na haujikunji. Mvule unafuata. Mbambakofi, uliotumiwa sana kwenye milango ya pwani, ni mgumu na unadumu, ila mpe fundi mwenye patasi kali. Msonobari wa bei rahisi unaouzwa umeshapakwa rangi utavimba masika ya kwanza na mifuo itabana. Plaiwudi usiitie hesabuni. Kingo zake zitafunguka kama kurasa.

Uzuri mwingine wa kibao ni kwamba hakichagui sarafu. Na sarafu zetu zina visa. Shilingi 5 ya madini mawili ni ndogo hata kuliko shilingi 1. Shilingi 10 na shilingi 1 zinakaribiana upana, na gizani kidole kinaweza kukudanganya. Shilingi 20 inazipita zote hizo, na ile ya 40, iliyotolewa 2003 kwa miaka arobaini ya uhuru, ni kubwa zaidi. Juu ya hapo, tangu Desemba 2018 tuna toleo la wanyama, twiga kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na ndovu kwenye 20, linalotembea pamoja na zile za sura za marais. Kifaa kinachotaka sarafu za kipimo kimoja kitagombana na mfuko wa Mkenya kila siku. Kibao kinapokea chochote, hata senti 50 ambayo simu haiitaki.

Upungufu wake ni mmoja lakini ni mkubwa: hakilindi kitu. Ukikijaza sarafu zako na mlango uko wazi kuelekea barabarani, usimlaumu mpita njia.

Hapa Mji wa Kale bado wapo mafundi wa kuchonga milango, na kwao kazi ya kibao kama hiki ni ya jioni moja. Mpelekee sarafu zenyewe, si vipimo vya kwenye karatasi. Mwambie mifuo iwe wazi bila nakshi ndani yake, kwa sababu fundi wa nakshi ukimwachia nafasi ataijaza, na uchafu wa mikono utajaa kwenye maua. Nakshi ziende kwenye ukingo wa mbele.

Mirija ya springi

Hiki ndicho kinachowavutia watu dukani. Mirija minne au mitano imesimama ubavu kwa ubavu, kila mmoja kwa sarafu ya aina yake, na ndani kuna springi inayosukuma juu. Unaitelezesha ya juu kwa kidole gumba, inayofuata inapanda. Ukiwa na simu ya bweni na wewe ndiye unayetoa chenji, hakuna kinachokufaa zaidi: unaona kwa jicho shilingi 10 zimebaki nusu mrija, na mkono wako haukosei. Vifaa vya namna hii vilipendwa sana na makondakta wa mabasi ng'ambo, na sababu ni ile ile, mtu anatoa chenji amesimama na mkono mmoja uko kwenye kazi nyingine.

Shida yake inaanza na springi. Karibu zote ni za chuma cha kawaida, na pwani chuma cha kawaida kina maisha mafupi. Springi haihitaji kukatika ili iharibu kazi. Kutu kidogo tu inaifanya ikwame katikati, sarafu za juu zinatoka, za chini zinabaki, na unadhani mrija umekwisha. Ukiamua kununua, uliza springi za stenlesi, na usikubali jibu la "hizi zote ni sawa". Chukua sumaku ndogo kama unataka, ingawa haitakupa jibu la mwisho, kwa sababu hata baadhi ya stenlesi hunasa sumaku, hasa ikishakunjwa kuwa springi. Bora uone maandishi ya mtengenezaji.

Shida ya pili ni vipimo. Mirija mingi imetengenezwa kwa sarafu za euro au za Marekani. Shilingi yetu ikiwa ndogo kuliko tundu, itasimama wima ndani ya mrija na kuukaba. Nenda dukani na sarafu za zamani na mpya za kila thamani, zijaribu zote, mrija mmoja baada ya mwingine, hata muuzaji akikukunjia uso. Sarafu zetu zina unene wa karibu milimita 2, kwa hiyo mrija wa sentimita 10 hautabeba zaidi ya sarafu hamsini hivi, na springi ikishachukua nafasi yake zinapungua.

Na ya tatu ni uzito. Sarafu mia za shilingi 1 zina nusu kilo na ushei. Mirija mitano iliyojaa, pamoja na chuma cha kifaa chenyewe, ni mzigo unaoning'inia kwenye skrubu mbili, na kila sarafu inayotolewa inauvuta mbele. Nitarudi kwenye ukuta, maana hapo ndipo wengi wanapolia.

Kuna aina isiyo na springi: sarafu zinaingia juu na kushuka kwa uzito wake hadi kwenye mdomo wa chini. Zikiwa safi na kavu, inafanya kazi vizuri na haina cha kuharibika. Zikishikwa na mikono ya watu waliotoka kula mahamri na viazi karai, zinagandana. Kwa mkahawa, hapana.

Akriliki, na hizi za kuchapwa

Kishika sarafu cha akriliki, ile plastiki angavu kama kioo, nakipendekeza kwa kazi moja: maonyesho. Kina mianya ya kusimamisha sarafu zionekane pande zote mbili, hakishiki kutu, na jua halikigeuzi manjano upesi kama linavyofanya plastiki nyingine. Kinakwaruzika, basi kifute kwa kitambaa laini chenye maji na sabuni, si kwa spiriti, kwa sababu spiriti inakitia nyufa ndogondogo.

Mkusanyaji wa sarafu ana sababu nyingine ya kukipenda. Mbao, hasa mbichi au yenye vanishi mpya, hutoa mvuke wenye asidi unaofifiza shaba na fedha. Plastiki laini ya PVC, ile ya mifuko ya mapochi ya bei nafuu, ni mbaya zaidi: inaacha utelezi wa kijani kwenye sarafu za shaba, na joto la pwani linaharakisha. Akriliki haina tabia hizo. Ukibahatika kuwa na pesa ya 1888 yenye jina la Mombasa, iliyotolewa na Kampuni ya Imperial British East Africa, iweke humo na uifunike. Kwenye kibao wazi karibu na simu itaondoka na mtoto wa mtu.

Vishika sarafu vya kuchapwa kwa printa ya 3D vimeanza kuonekana, na faida yao ni ya kweli: unampa kijana vipimo vya sarafu yako, anakuchapia kinachokaa sawasawa. Muulize anatumia plastiki gani. PLA, inayotumika zaidi, huanza kulegea ikikaribia nyuzi joto 60, na kitu cheusi kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri si ajabu kikafika huko. Ndani ya ukumbi wenye kivuli hakuna tatizo. Veranda, mwambie atumie PETG au ASA.

Vigingi, kwa sarafu zenye tundu

Hiki sikioni kikitajwa na wauzaji, na kwa mwenye simu ya maonyesho ndicho kinachonipendeza kuliko vyote. Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki, zilizotumika hapa kabla Kenya haijatoa sarafu zake mwenyewe 1966, zilikuwa na tundu katikati. Wazee wanakumbuka kuzitunga kwenye uzi. Ubao wenye vigingi vitano vya brasi vilivyoinamishwa juu kidogo, kila kimoja kimevishwa senti zake, unakaa pembeni mwa simu ya zamani kana kwamba ulizaliwa nao. Haugharimu chochote cha maana. Sarafu hizo za shaba nyekundu bado zinapatikana kwa wauza vitu vya kale, na kwa kuwa zilitengenezwa nyingi mno, za kawaida hazina bei ya kutisha.

Tokeni za simu za nchi nyingine nazo zinaingia hapa, ukiwa unazo. Ile ya Israeli, asimon, ina tundu katikati na inakaa kigingini bila wasiwasi. Gettone ya Italia, iliyopigiwa simu hadi mwisho wa 2001, haina tundu: ina mfuo mmoja upande mmoja na miwili upande wa pili, iliyosaidia simu kuitambua. Ukitaka kuionyesha, akriliki, kwa sababu pande zote mbili zina la kutazamwa.

Jambo moja kuhusu simu yenyewe, kwa wanaotarajia wageni waipige kweli kweli. Simu nyingi za zamani zina sumaku kwenye njia ya sarafu, iliyowekwa kunasa vipande vya chuma vya wadanganyifu. Shilingi 1 ya siku hizi ni chuma kilichopakwa nikeli. Kwa hiyo simu iliyoundwa kwa sarafu za shaba na nikeli inaweza kuzinasa shilingi halali kabisa za mgeni wako. Ijaribu kabla hujaagiza kishika sarafu, ndipo ujue unaagiza cha sarafu au cha tokeni. Na ukiagiza tokeni, agiza za brasi.

Ukuta ndio unaoamua

Mtu anaweza kuchagua vizuri yote yaliyotangulia, kisha akaangushwa na ukuta. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo wa chokaa, kuta nene karibu nusu mita, na juu yake plasta ya chokaa. Jiwe la matumbawe lina matundu kama sifongo, na katikati ya jiwe na jiwe kuna chokaa inayobomoka kwa ukucha. Drili ya kugonga inageuza tundu la milimita 6 kuwa shimo la kuku kutagia. Fundi mmoja mzee wa Ndia Kuu alimwambia kijana wake mbele yangu, "Mwanangu, ukuta huu usiupige, uzungushe," na ndiyo kanuni yenyewe: zima kile kipigo cha drili, anza na ncha nyembamba, panua polepole. Kile kiplastiki cha kushindilia tunduni kabla ya skrubu kiwe kirefu, kipite plasta kabisa na kuingia kwenye jiwe. Tundu likifumuka, lizibe kwa chokaa na mchanga, uache likauke, usilizibe kwa saruji. Saruji inafungia unyevu ndani ya ukuta wa chokaa, na baada ya muda plasta ya pembeni inabambuka.

Kwa kifaa kizito, yaani mirija, usikifunge moja kwa moja. Funga kwanza ubao wa nyuma kwa skrubu nne zilizo mbali mbali, halafu kifaa juu ya ubao. Uzito unagawanyika, na siku ukibadilisha kifaa hutoboi ukuta upya. Ubao huo usibebe na simu. Kila kimoja na skrubu zake. Weka washa, vile vipete bapa vya skrubu, kati ya ubao na ukuta ili hewa ipite, kwa sababu kuta hizi hutoa chumvi nyeupe ya unga, na ubao uliobanwa kwenye chumvi unaoza kwa nyuma usikoona.

Nyumba za Nyali na Kizingo zilizojengwa kwa matofali ya saruji au mawe ya kukatwa kwa mashine hazina usumbufu huo, toboa utakavyo. Kwenye ukuta wa jipsamu, kibao cha mbao au akriliki peke yake, au utafute ule mhimili wa ndani.

Skrubu ni brasi au stenlesi. Zile za rangi ya fedha za bei ya kutupa zitaacha machozi ya kahawia ukutani, na kwenye mbao ngumu zitaacha doa jeusi lisilofutika. Skrubu za brasi ni laini, zinakatika kichwa ukizilazimisha. Pitisha kwanza skrubu ya chuma ya kipimo hicho hicho kufungua njia, itoe, ndipo utie ya brasi.

Ukitaka kutundika nje, kwenye uso wa nyumba unaoelekea barabara, kumbuka Mji wa Kale ni eneo la hifadhi. Pitia kwanza ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho ya Taifa kabla fundi hajaleta ngazi.

Mahali penyewe: watu wengi hushika mkono wa simu kwa kushoto na kutia sarafu kwa kulia, kwa hiyo kishika sarafu kiwe kulia, chini kidogo ya tundu la sarafu, kisiguse njia ya waya. Mita 1.2 kutoka sakafuni inamfikia mtoto na aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. Tumia pimamaji, lakini kwa kibao chenye mifuo kiache kiinamie ukuta kidogo, unene wa shilingi moja chini ya ukingo wa mbele unatosha. Sarafu itakayoteleza itaelekea ukutani.